Tangi la Samaki Haliishii Kwenye Kioo

Mvua kubwa ikishanyesha Durban, bandari hubadilika rangi. Mito ya Umbilo na uMhlatuzana hufurika, ikasukuma kila ilichokizoa kupitia mifereji ya zege hadi ndani ya ghuba, na kunapokucha maji yaliyokuwa ya kijivu yanakuwa yamefunikwa na zulia la kijani: gugumaji, limechanganyika na chupa za plastiki, matete yaliyong'oka na ndala zilizopotezana na wenzake. Boti za usafi hutoka kulizoa. Kaskazini mwa mji, mto uMngeni nao humwaga mzigo kama huo baharini pale Blue Lagoon, kisha mawimbi huurudisha ufukweni, miguuni mwa watu waliokuja kuogelea. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, zulia hilo lilikuwa sehemu ndogo tu ya msiba. Lakini limerudi miaka iliyofuata, hata kwa mvua ambazo hazikuua mtu.

Mto uMhlatuzana unapita kando ya Chatsworth, mtaa ambao msomaji wa Kiswahili anapaswa kuufahamu. Ndiko wanakoishi wazao wa Waafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakashushwa Durban kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Wengi wao walikuwa Wamakua. Waliishi Bluff, upande wa pili wa bandari, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamisha kwa nguvu katika miaka ya 1960, na hadi leo majirani huwaita Wazanzibari. Basi maji yanayopita karibu na milango yao ndiyo yanayobeba gugu hilo kwenda bandarini.

Gugumaji halikufika huko lenyewe. Kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon, na lilizungushwa duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, ili lipambe mabwawa ya bustani. KwaZulu-Natal lilionekana likiota lenyewe mwaka 1910. Wakazi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe hawahitaji kusimuliwa yaliyofuata. Mwaka 1998, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya pekee, gugumaji lilitanda juu ya zaidi ya hekta 17,000 za maji, wavuvi wakashindwa kutoka na meli zikashindwa kutia nanga. Mmea uliosababisha yote hayo ulianza safari yake kama pambo.

Kwa hiyo mtu wa Durban anayetaka kuanzisha tangi la samaki lenye mimea hai ana mambo mawili ya kujifunza, na dukani hufundishwa moja tu, tena nusunusu. La kwanza ni jinsi ya kulianzisha bila kuua samaki. La pili ni kujua kila kinachotoka ndani ya tangi kinaishia wapi. Makala haya yanashikilia kwamba hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na kwamba mtu asiye tayari kulibeba hajawa tayari kununua tangi.

Hata hivyo hamu yenyewe si ya kubezwa. Durban ni mji uliozoea kutazama samaki kupitia kioo. Akwariamu ya umma ilifunguliwa ufukweni mwaka 1959, na tangu 2004 nafasi yake imechukuliwa na ile ya uShaka, ambayo mgeni huiingia kupitia mfano wa meli iliyozama. Huko ni papa, kasa na matumbawe, maji ya chumvi na mitambo mikubwa. Tangi la maji baridi lenye mimea ni kitu kingine kabisa: ni bustani iliyozama, na mtu wa kawaida anaweza kuiweka sebuleni. Aliyeifanya dunia iipende ni Mjapani Takashi Amano, mpiga picha wa mandhari aliyefariki mwaka 2015, ambaye alipanga mawe, magogo na majani ndani ya kioo mpaka mtazamaji akadhani anaangalia bonde lenye ukungu. Picha za kazi zake na za wanafunzi wake ndizo zinazozunguka leo kwenye simu, na ndizo zinazowapeleka vijana wengi dukani siku ya Jumamosi wakiwa na hamu kubwa na haraka kubwa zaidi.

Haraka hiyo huua.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi. Tangi linanunuliwa asubuhi, linajazwa maji ya bomba mchana, samaki kumi wanatiwa jioni, watoto wanafurahi. Siku ya tatu maji yanakuwa meupe kama ya mchele uliooshwa. Siku ya tano samaki wanahema juu ya uso wa maji, na wikiendi inayofuata wamebaki wawili. Mwenye tangi hulaumu samaki, au muuzaji, au mkono wake, kumbe aliyewaua ni amonia. Samaki huitoa amonia kupitia matamvua kila dakika, na kila kinyesi na kila punje ya chakula iliyozama huiongeza. Mtoni hupelekwa na maji. Ndani ya kioo haina pa kwenda, mpaka watokee bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaweza kuivumilia kwa kiasi. Jeshi hilo dogo halinunuliwi siku moja. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga juu ya changarawe, sifongo ya kichujio na majani. Tena joto huzidisha makali: kadiri maji yanavyokuwa ya moto na pH yake inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo linaloua. Chumba cha ghorofani Durban mwezi Februari si mahali pa kujaribu bahati.

Mimea ndiyo inayobadilisha hesabu hii. Mimea mingi ya majini huichukua amonia yenyewe kama chakula, hata kabla ya kugusa nitrati, kwa hiyo tangi lililopandwa kwa wingi tangu siku ya kwanza lina wafagiaji wa aina mbili. Mmarekani Diana Walstad alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha 1999 kuhusu ikolojia ya tangi lenye mimea, na njia yake inafaa sana kwa mtu asiye na fedha za mitambo: udongo wa kawaida wa bustani usiotiwa mbolea ya chumvichumvi, unene wa sentimita mbili au tatu, ukafunikwa kwa changarawe ya unene huohuo. Udongo hulisha mizizi, na unapooza taratibu hutoa hewa ya ukaa ambayo majani huihitaji ili yakue. Mtungi wa gesi hauhitajiki.

Na hata hilo si geni. Mwaka 1850 huko London, mkemia Robert Warington alitia samaki wawili wa dhahabu ndani ya chombo cha kioo pamoja na Vallisneria, mmea wenye majani marefu kama utepe, akitaka kuona kama mnyama na mmea wanaweza kutunzana. Mwanzo mambo yalimharibikia: majani makuukuu yalioza na maji yakachafuka. Aliongeza konokono, wakala yaliyooza, maji yakatulia. Neno lenyewe la akwariamu lilikuwa bado halijaenea. Yule aliyeweka msingi wa kazi hii alitazama, akakosea, akasubiri, akarekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeanza leo na dukani kuna kila aina ya chupa za dawa hana sababu ya kuwa na subira ndogo kuliko ya Warington.

Tangi la kuanzia la sentimita 60 kwa 30, lenye kina cha sentimita 35 hivi, hubeba lita 60 na kitu. Maji peke yake ni kilo 60. Ukiongeza udongo, mawe na kioo chenyewe unapata uzito wa mtu mzima mnene aliyesimama mahali pamoja usiku na mchana, mwaka mzima, na meza ya televisheni haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lisikae dirishani. Jua la Durban likilipiga moja kwa moja, mwani utawahi kabla ya mimea haijashika. Taa ya saa sita hadi nane kwa siku inatosha, na katika wiki za kwanza saa sita ni bora kuliko nane.

Maji ya bomba ya Durban ni neema ambayo wenyeji wengi hawaijui. Hutoka mto uMngeni na mabwawa yake, Midmar, Albert Falls, Nagle na Inanda, yakiwa laini, hayana chokaa nyingi. Mtu wa Zanzibar au Mombasa anayechota kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe ana maji magumu yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, na mimea kadhaa ya tangi huyachukia. Kwa upande mwingine, samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wanaovuliwa karibu na Kigoma na Bujumbura na kusafirishwa kwa wafugaji wa ng'ambo, wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Kuwatia kwenye maji laini ya Durban bila kuyaongezea madini ni kuwatesa. Kosa hili hufanyika kwa sababu samaki huchaguliwa kwa rangi, wakati alipaswa kuulizwa kwanza alikotoka. Klorini nayo iondolewe. Ndoo iliyoachwa wazi siku nzima huipoteza, lakini kama maji yametibiwa kwa kloramini, dawa ya kuiondoa ni lazima, kwa kuwa kloramini haitoki kwa kusubiri.

Mimea ipi? Hapa mwandishi ana upendeleo, na haufichi: Afrika ina bustani yake ya majini, na inashangaza kuona wafugaji wa Durban wakiagiza majani ya Asia na Amerika wakati ya kwao yanasifiwa Berlin na Tokyo. Anubias, jani gumu la kijani kibichi kutoka mito yenye vivuli ya Kameruni na Gabon, huishi kwenye mwanga hafifu na huvumilia mkono wa mtu anayejifunza. Bolbitis heudelotii ni jamii ya mkangaga unaoota juu ya mawe katika vijito vya Afrika ya kitropiki. Yote miwili haitaki kuzikwa. Shina lake lilalalo likifunikwa na changarawe huoza, kwa hiyo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo mpaka lishike lenyewe. Kwa kazi nzito ya kufyonza uchafu wa mwanzo, Ceratophyllum demersum haina mpinzani: haina mizizi, majani yake yamejipanga kama brashi ya kusafishia chupa, na ni ya asili kuanzia Afrika Kusini hadi maziwa makuu. Irushwe ndani ielee. Itakua haraka mpaka mwenye tangi aanze kuipunguza kila wiki, na kuipunguza ndiko kunakoleta lile swali la pili.

Kabla ya kufika huko, neno moja kuhusu umeme na maji, maana mji huu umeyajua yote mawili kwa uchungu. Mwaka 2023 mgao wa umeme nchini Afrika Kusini ulikuwa mbaya kuliko mwaka wowote kabla yake. Pampu ikizimika kwa saa nne, bakteria waliomo ndani ya kichujio kilichofungwa huanza kukosa oksijeni, na usiku mimea nayo huvuta oksijeni kama samaki. Oktoba 2024 mamlaka ya uMngeni-uThukela ilianza kupunguza kiasi cha maji inachoipatia Durban ili irudi ndani ya kiwango cha kibali chake cha kuchota, na mitaa ikajifunza kuweka akiba kwenye ndoo. Tangi lenye samaki wengi na mimea michache haliwezi kuvuka hali hizo. Lenye mimea mingi na samaki wachache huvuka, kwa sababu linategemea mitambo kidogo. Kubadilisha robo ya maji kila wiki katika tangi la lita 60 ni lita 15, na maji hayo, yamejaa nitrati, ni mbolea nzuri kwa vyungu vya maua ya barazani. Katika mji wenye mgao, tangi la namna hii ndilo pekee la haki.

Sasa twende kwenye mfereji.

Durban, kama miji mingine ya Afrika Kusini, hutenganisha maji ya mvua na maji taka. Kinachomwagwa kwenye mfereji wa barabarani hakipiti kwenye mtambo wowote wa kusafishia. Huenda kijitoni, kijito huenda mtoni, na mto huenda bandarini au baharini. Mtu aliyekata vijiti vya ziada vya tangi lake akavimwaga nje ya geti amevipanda uMngeni. Hakukusudia, lakini mmea hauulizi kusudio. Mimea mingi ya majini haihitaji mbegu. Kipande cha shina chenye kifundo kimoja kinatosha.

Ushahidi upo katika jimbo hilohilo, mbali kaskazini mwa Durban. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba Hydrilla verticillata, mmea unaojaza maji kuanzia chini hadi juu, imekita katika bwawa la Pongolapoort, ambalo wengi huliita Jozini. Uchunguzi wa vinasaba uliihusisha na mimea ya Malaysia na Indonesia, na njia inayotajwa kuwa ndiyo iliyoileta ni biashara ya mimea ya matangi. Bwawa hilo ni kivutio cha wavuvi wa burudani wanaokuja na boti zao kutoka mbali, na kila panga boi linaweza kuondoka na kipande hadi bwawa jingine. Mwaka 1999, huko Mandeni, kati ya Durban na Richards Bay, aliripotiwa konokono wa Asia aitwaye Tarebia granifera, ambaye inaaminika alikuja amejibanza kwenye mimea ya akwariamu. Jike huzaa wachanga walio hai bila kuhitaji dume. Mmoja anatosha kuanzisha taifa, na katika maeneo kadhaa ya pwani ya jimbo hilo wamefika maelfu kwa kila mita ya mraba, wakiwasonga konokono wa asili.

Kisha kuna kambare wa kioo. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, amejibandika ukutani mwa tangi kwa mdomo wake, na huelezwa kuwa ni msafishaji wa mwani. Muuzaji hasemi kwamba Pterygoplichthys hupita sentimita 40. Mwaka wa pili hageuki tena ndani ya tangi la lita 60, anang'oa mimea usiku, na mwenye nyumba anamwonea huruma. Anambeba kwenye ndoo hadi mtoni na kumwachia huru, akirudi nyumbani na moyo mweupe. Mto Nseleni, karibu na Richards Bay, sasa una ukoo wao unaozaliana wenyewe. Hutoboa kingo za mto kutengeneza viota, na kingo huporomoka. Hakuna aliyewatia mtoni kwa chuki. Huruma ya mtu mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni peke yake, ndiyo iliyoujaza mto.

Ingekuwa rahisi kusimulia habari hii kana kwamba Afrika ni mhanga tu. Sivyo. Lagarosiphon major ni mmea wa asili wa kusini mwa Afrika, majani yake yamejikunja kwa chini, na ulisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya mabwawa na matangi kwa sifa ya kuongeza oksijeni. New Zealand umevamia maziwa ambayo watalii huyafuata kwa uwazi wa maji yake. Ireland ulionekana mwaka 2005 katika Lough Corrib, ziwa kubwa la uvuvi, ukaziba ghuba zake. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliuweka katika orodha yake ya kwanza ya viumbe vamizi vilivyopigwa marufuku kuuzwa. Na jambo la kustaajabisha ni hili: nje ya kwao mimea yote ni ya kike. Hakuna dume, hakuna mbegu. Maziwa yote hayo yametekwa na vipande vilivyokatika.

Ndani ya Durban kwenyewe kuna kinyume chake kinachosikitisha. Bustani ya mimea ya mji, iliyoanzishwa mwaka 1849, inatunza Encephalartos woodii, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi wenye majani ya chuma. John Medley Wood aliukuta mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, shina zake zikiwa pamoja mahali pamoja, na mpaka leo hakuna mwingine uliowahi kupatikana porini. Ni wa kiume. Jike halijulikani lilipo, kwa hiyo kila mmoja uliopo duniani ni chipukizi lililotolewa kwenye shina lile. Mgeni anayesimama mbele yake anaona mmea ambao binadamu hawezi kuusaidia uzae, hata kwa elimu yote na upendo wote. Na katika jimbo hilohilo, kipande cha Hydrilla chenye urefu wa kucha kinaweza kujaza bwawa zima. Atakayetoka bustanini na kwenda kumwaga maji ya tangi lake barabarani hajaelewa alichokiona.

Sheria ipo. Sheria ya bayoanuwai ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 na kanuni zake zinapanga viumbe vamizi kwa makundi, na gugumaji, Salvinia molesta, Pistia, Hydrilla na Egeria densa, ile iliyozoeleka matangini kwa sifa ya kutoa oksijeni, yote yamo kwenye makundi yasiyoruhusiwa kuuzwa wala kusafirishwa. Faini inaweza kufika randi milioni tano. Hata muuzaji wa nyumba analazimika kumjulisha mnunuzi kwa maandishi kama kuna mmea vamizi uani. Lakini nyumba huuzwa mara moja kwa miaka mingi, na mwanasheria yuko pembeni. Mfuko wa plastiki wenye mimea huuzwa kila dakika chache, na hakuna anayemjulisha mtu chochote. Hapo ndipo sheria inapovuja, na hapo ndipo pa kuziba.

Nairobi na Dar es Salaam zina sababu ya kuitazama Durban kwa makini. Maduka ya samaki wa mapambo yanaongezeka, picha za Amano zimefika huko pia, na nchi hizi zina maziwa ambayo Afrika Kusini haina: Tanganyika, Nyasa na Victoria, yenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine popote duniani. Hata Unguja ina wake, Nothobranchius guentheri, samaki mdogo mwenye rangi kali anayeishi kwenye madimbwi ya msimu. Hutaga mayai kwenye tope, hufa dimbwi likikauka, na mayai husubiri mvua. Dimbwi moja likitiwa samaki wa dukani, au likifunikwa na mmea wa tangi, mayai hayo hayana pengine pa kuangukia. Mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS nchini Kenya na TPHPA Tanzania, zina kazi ya kukagua mimea mipakani. Mimea ya akwariamu iangaliwe kwa jicho lilelile linaloangalia miche ya migomba na mbegu za mahindi, kwa sababu gugumaji limeligharimu Ziwa Victoria sana.

Na wanaouza waanze bila kusubiri serikali. Duka la samaki, liwe Durban, liwe Ngara, liwe Kariakoo, lina uwezo wa kukataa kumuuzia mtu tangi na samaki siku moja: achukue tangi na mimea, arudi baada ya wiki tano na chupa ya maji yake yapimwe. Litapoteza mauzo ya Jumamosi moja na kumpata mteja ambaye hatakata tamaa mwezi wa pili. Lina uwezo wa kuandika juu ya tangi la kambare ukubwa atakaofikia, kwa tarakimu kubwa. Lina uwezo wa kuweka karatasi ukutani inayoeleza kwamba mimea iliyopunguzwa hutandazwa juani mpaka ikauke na kuvunjika mkononi, ndipo itiwe kwenye mfuko wa taka, wala haipelekwi mferejini. Na lina uwezo wa kuweka ndoo kubwa yenye pampu ya hewa nyuma ya kaunta, ambamo mtu aliyeshindwa na samaki wake anawarudisha bila kuulizwa maswali na bila kudaiwa. Ndoo, pampu na karatasi hizo zote kwa pamoja hazifiki bei ya hita moja nzuri.